Levye Fupi ya Gari ya Marehemu Baba

Kabambare, Jumatatu tarehe 3 Juni 2024

Papa Kamaldine,

Nakusalimia wewe, Mama Latifa na wote wa garaji. Huku tuko wazima. Simu usipige, antena yetu imenyamaza tangu Pasaka na hakuna anayetuambia itasema lini. Nimemkamata Souleymane motari kabla hajawasha pikipiki, ndiye anayekuletea karatasi hii.

Nina swali moja, lakini niache kwanza nikasirike. Jana nilikwenda kwa yule fundi wa karibu na soko anayetengeneza pikipiki na jenereta. Mkononi nilikuwa na kifaa kimefungwa katika gazeti: levye fupi ya vitesi, mkono ule wa kubadilishia gia, pamoja na kipande cha kuiinulia na bolti zake nne. Rafiki yangu Laetitia ameipata Uvira kwa wauza vipuri, imetoka katika gari ya aina ile ile ya kwetu. Nikamwuliza fundi kama ataweza kunifungia. Hakukitazama hata kifaa. Alitazama nyuma yangu, kama vile kuna mtu mwingine anakuja, akauliza: «Bwana ya gari iko wapi?» Nikamwambia ndiye mimi. Akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. «Mama, weye tuma kaka yako akuje, tutasikilizana naye.»

Kaka yangu! Hervé hajui hata maji ya radieta yanamiminwa wapi. Mimi nimekaa katika jeep ile miaka kumi na mbili: saba pembeni ya baba nikichimba matope na kusukuma, mitano nikishika usukani mwenyewe huku baba amelala kwa kuniamini. Wewe ulikuwa ukituona tunaingia Kasongo na mpunga na mafuta ya mawese. Tangu baba afariki naenda peke yangu, na hakuna gunia hata moja lililoanguka njiani.

Sasa swali. Naweza kuifunga levye hii mwenyewe? Ile ya zamani imechoka, inacheza, wakati mwingine vitesi inaruka yenyewe. Na nina haraka. Tarehe 20 Julai tunaondoa matanga ya baba, na siku hiyo ndipo ukoo utagawa vitu vyake. Baba mkubwa Zéphirin amekwisha kusema gari itabaki kwa yule atakayeonekana anaiweza, na kama hayupo, Hervé ataiuza kwa mfanyabiashara wa Lusangi. Nina watoto wawili na sina kazi nyingine. Nijibu upesi.

Victorine

—

Kasongo, 9 Juni 2024

Binti yangu Victorine,

Karatasi yako imefika na vumbi lote la njia. Jibu langu ni hapana. Ningeweza kuishia hapo, lakini nakujua, utaniletea barua nyingine kuuliza kwa nini.

Levye ndefu ile niliinyoosha mimi kwa mikono yangu mwaka baba yako alipoipindua gari mtoni. Ni ndefu kwa sababu zetu si njia za lami. Hapa Kasongo wapo vijana wawili wamefunga levye fupi katika taksi zao. Mkono unacheza kidogo tu, tak tak, wasichana wanatazama, basi. Faida yake ni hiyo. Hawakuambiwa kwamba levye ikifupishwa inataka nguvu zaidi ya kusukuma. Mchana mzima na mizigo, kwenye kilima, wewe mwanamke utafika nyumbani na bega limekufa.

Halafu kuna kufungua. Juu ya bwate ya vitesi, sanduku lile la gia, pale levye inapoingia, kuna tundu. Bolti moja ikianguka humo ndani, utasikia meno ya chuma yanatafuna chuma, na hiyo ndiyo sauti ya mwisho ya gari ya marehemu. Mimi nina miaka thelathini na nane katika kazi hii na bado nikifungua pale nakataza watu kuongea.

Kama shida yako ni kwamba levye ya zamani inacheza, subiri. Nitakuja kwenye matanga na busha mpya mfukoni, ile pete inayoishika levye isicheze. Na kama unataka kujionyesha mbele ya baba zako siku hiyo, vaa kitambaa kizuri, itatosha. Usiniguse bwate ile.

Baba yako mdogo,
Kamaldine

—

Kabambare, 14 Juni 2024

Papa Kamaldine,

Nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekasirika mahali pengine. Kitambaa! Umenijua tangu nikiwa na meno ya utoto, leo unanipeleka dukani kununua kitambaa. Fundi wa sokoni sikumshangaa. Wewe nimekushangaa.

Basi nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata watoto wangu. Mwezi wa tatu nilitoka Lusangi nimepakiwa kwenye pikipiki, tukateleza kwenye daraja la miti, nikaangukia bega la kulia. Mfupa ulifungwa na mganga wa mifupa na umepona, lakini umepona vibaya. Mkono huo, ndio wa kushika levye, hauendi mbele. Unafika mbele ya kifua na pale unasimama kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Vitesi ya pili na ya nne, zile za kuvuta nyuma, ninaziweza. Ya kwanza na ya tatu ziko mbali. Ili nizifikie nainama mwili mzima, macho yakitoka njiani. Juma lililopita kwenye mteremko wa mto nilikuwa nimeinama kama natafuta sindano sakafuni, na nyuma nilikuwa na kina mama wanne wamekaa juu ya mpunga wao wakiimba. Nilipofika chini nilisimamisha gari nikasingizia kukojoa. Nililia kichakani.

Kwa hiyo usinifundishe habari za nguvu. Nguvu ninazo, kavute gunia na mimi uone. Ninachokosa ni urefu. Levye fupi inaniomba nguvu na inanipunguzia safari ya mkono, na hiyo ndiyo biashara ninayoitaka. Nimepima kwa kipande cha mti: kwa levye mpya, ya tatu inanifikia.

Nakuomba, kama baba, niambie namna ya kuifunga. Siwezi kusubiri mpaka matanga, maana siku ile wataniweka kwenye usukani wote wakiangalia. Wakijua habari ya bega kabla sijaifunga, nimekwisha.

Barua hii anakuletea Hervé, anakuja huko kununua vitambaa vya sherehe. Sikuigundisha. Unajua baba alivyotulea: barua unayompa mtu mkononi huibandiki gundi mbele yake, ni sawasawa na kumwambia usoni kwamba ni mwizi. Soma, kisha ichome.

Victorine

—

Kasongo, 22 Juni 2024

Victorine,

Sikudhani ningekuandikia nikiwa na moyo huu. Hervé alikuja hapa Jumatano. Nilimwuliza kama ana barua yako, akasema hakuna, dada yake ananisalimia tu. Akakaa, akanywa chai, halafu akanitolea habari ya bega lako, yote: daraja, mganga, kina mama juu ya mpunga. «Papa, mukono yake imekufa. Atatuulia watu. Andika tu kama hawezi tena, wazee watakusikia weye.»

Ndugu yako, yule unayesema hajui maji ya radieta, amekuwa mtu wa kuambiwa siri. Mimi niliyekuwa nikikubeba wakati baba yako yuko chini ya gari, ninaambiwa levye imechoka, inacheza. Nimeumia, sitaficha. Ungeniambia, ningekuwa na neno. Umeniacha nijibu habari za kitambaa kama mjinga.

Nimewaandikia wazee, na karatasi nimempa Hervé. Nimesema kwamba mimi Kamaldine, fundi wa gari hiyo tangu inunuliwe, nashuhudia kuwa Victorine ana bega lililovunjika na hawezi kuiendesha. Nimesaini na kupiga muhuri wa garaji. Niliwafikiria wale kina mama wanne. Nilikufikiria na wewe. Sijafurahi.

Kamaldine

—

Kabambare, 26 Juni 2024

Papa Kamaldine,

Nilikuandikia kurasa mbili, pande zote! Kila kitu alichokuambia Hervé alikisoma katika barua yangu, barua yako wewe, barua niliyoacha wazi kwa adabu aliyotufundisha baba, mimi na Hervé. Aliikunja, akaiweka mfukoni, akanywa chai yako.

Jana amerudi na vitambaa na tabasamu. Nikamwuliza: barua iko wapi? Akajibu: «Papa Kamaldine ameisoma, ameisikia.» Leo Souleymane amenipa yako. Nilikwenda moja kwa moja kwa baba mkubwa Zéphirin. Karatasi yako iko pale, ndani ya Biblia yake, na muhuri unang'aa. Akaniambia: pumzika, mwanangu, umefanya kazi sana. Pole ile ilinikata kuliko tusi.

Hervé namjua, huyo nitamalizana naye kwa njia yangu. Lakini wewe! Ulisikia maneno kutoka kinywa cha mtu mwenye hamu ya kuuza, hukuniuliza hata kwa mstari mmoja, ukachukua kalamu. Gari ikiletwa kwako unaikataa mpaka uisikilize injini. Mimi hukunisikiliza. Umeniandikia cheti cha kufa nikiwa nimesimama.

Jumatatu naifungua bwate. Sikuombi ruhusa tena. Na kwenye matanga usije. Ukija nitakupa kiti na chakula, lakini sitakusalimia, na watu wataona.

Victorine

—

Kasongo, 29 Juni 2024

Victorine,

Una haki. Nimeandika neno hilo na kulifuta mara mbili kwa aibu, lakini lazima libaki. Nimepiga muhuri juu ya kitu nisichokiona. Nikiwa garajini ningemfukuza fundi anayefanya hivyo.

Souleymane amengoja mlangoni tangu asubuhi niandike haya. Nimeyagundisha na kuyafunga kwa utepe wa skochi, na anajua sababu, mwenyewe amesema heri.

Sikiliza. Simamisha gari mahali tambarare, mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Fagia sakafu, kisha ifute kwa kitambaa chenye maji, maana mchanga ni adui kama bolti. Vua ngozi ile ya chini ya levye. Chini yake utaona kifuniko cha duara: kikandamize kwa kiganja, kizungushe kushoto, levye itapanda yenyewe. Hapo hapo, kabla hujapumua, ziba tundu kwa kitambaa kikubwa, na ncha yake uifunge kwenye mguu wa kiti ili usije ukaisahau ndani. Kila unachotoa kipange juu ya mkeka kwa mpangilio wa kutoka. Kipande cha kuinulia kinakaa juu ya tundu, bolti nne, kle namba kumi na mbili, spana ile ya mdomo mdogo. Kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, usimalize moja kabla ya nyingine. Paka grisi kwenye kichwa cha chini cha levye. Toa kitambaa. Kihesabu, ni kimoja. Ndipo uingize levye na kufunga kifuniko.

Halafu jaribu injini imezimwa, vitesi zote, mara ishirini. Kwa levye fupi, vitesi ya kwanza na ile ya kurudi nyuma zitakuwa jirani sana. Kuwa mwangalifu hapo.

Karatasi ya pili iliyo ndani ya bahasha hii ni ya baba mkubwa wako. Nimeandika kwamba ile ya kwanza niliisaini bila kukuona, na kwamba siifuati tena. Nimepiga muhuri ule ule. Sitakuja, umenikataza, nami nimestahili.

Kamaldine

—

Kabambare, 9 Julai 2024

Papa Kamaldine,

Bado nimekukasirikia. Nakuandikia kwa sababu kazi imekwisha na hapa hakuna wa kumweleza.

Ilinichukua siku mbili. Kifuniko kilikataa, mkono wa kulia hauna namna ya kukandamiza kutoka juu, nikakikalia kwa goti mpaka kikakubali. Kitambaa nilikifunga kwenye kiti. Wanaume sita walisimama uani kwangu wakitoa maoni. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona ndani ya bwate, lakini kila mmoja alikuwa na la kusema. Mmoja akaniambia: «Mama, ile chuma iko pinda.» Nikamwambia imetoka kiwandani imepinda hivyo, na wewe?

Nilijaribu injini imezimwa, vizuri. Nikawasha. Nikaweka ya kwanza, nikaachia, na gari ikarudi nyuma moja kwa moja mpaka jikoni kwa jirani yangu Mama Cécilia. Ukuta wa udongo ukalala. Yeye alikuwa nje anachambua majani ya sombe, ashukuriwe Mungu. Wanaume sita wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilirudi kwenye mkeka na kuona springi ndogo imebaki, ile inayozuia levye isiteleze kwenda kwenye vitesi ya kurudi nyuma. Nilikuwa nimeifunika na kitako cha sufuria. Nikafungua upya, nikairudisha. Ukuta nimeujenga mwenyewe na Cécilia amenipikia humo humo.

Sasa ya tatu inanifikia. Nakaa wima, macho njiani, mkono unasogea kama upana wa kiganja tu. Ulisema kweli kuhusu nguvu: nikipanda kilima na mzigo, jioni bega linawaka, nalala nimelikanda kwa mawese ya moto. Lakini naliweza. Nimekwenda na kurudi mpaka mtoni mara nane, magunia kumi na mawili nyuma.

Karatasi yako ya pili nimeipeleka. Baba mkubwa aliisoma, akasema fundi huyu leo hivi kesho vile, akaiweka katika Biblia ile ile.

Victorine

—

Kabambare, 22 Julai 2024

Papa Kamaldine,

Matanga yameondolewa. Tulikuwa watu karibu mia mbili, misa ilikuwa nzuri, walikula wakashiba. Mchana wazee waliingia kwenye mambo ya urithi. Hervé alisimama akasoma karatasi yako ya kwanza kwa sauti ya mtangazaji. Ya pili hakuisoma. Nikasimama, nikamwomba baba mkubwa Zéphirin aisome yeye. Aliisoma. Halafu nikasema sitaki karatasi, nataka apande garini.

Alipanda, na wazee wengine wawili nyuma. Nikawapeleka mpaka mtoni, nikashuka mteremko kwa ya pili, nikageuza, nikapanda kilima kwa ya kwanza na ya pili bila kusimama, na kule juu nikaweka ya tatu kwa upole, hata kofia ya baba mkubwa haikutikisika. Aliposhuka aliwaambia watu: «Huyu mutoto anaendesha kuliko baba yake.» Watu wakapiga makofi. Cécilia alipiga vigelegele. Mimi nikafikiri basi, imekwisha.

Kisha wakaenda kando kuzungumza, wakarudi na uamuzi. Gari haitauzwa. Itaandikwa jina la Hervé kwa sababu ndiye mwanamume wa nyumba. Mimi, kwa kuwa ninaendesha vizuri, nitakuwa dereva wake.

Papa, mtu anaweza kupigwa kofi na bado akasikia makofi ya kusifiwa masikioni. Nilitaka kupiga kelele, nikaona hata kelele wataigawa.

Nikachukua kle namba kumi na mbili. Nikatandika mkeka pale pale mbele ya baraza, katikati ya viti vya wageni, nikaivua levye yangu. Baba mkubwa akasema kwa ukali: «Unaharibisha gari ya marehemu!» Nikamjibu kwamba siharibu kitu, naitengeneza kama marehemu alivyoiacha. Ninyi mmerithi gari ya baba. Hii levye Laetitia ameninunulia mimi, nimeifunga mimi, haikuwamo katika mali ya baba. Nikairudisha ile ndefu, na busha yake iliyochoka, nikakaza, nikafuta sakafu, nikampa Hervé ufunguo mkononi kwa heshima. Nilipanga vifaa vyangu katika beseni nikaenda nyumbani kwa miguu.

Sasa nalima. Usinipe pole. Lakini ile karatasi ya pili nimekuhesabia kuwa wema, na nikija Kasongo nitakusalimia.

Victorine

—

Lusangi, 11 Agosti 2024

Dada Victorine,

Bonjour. Natumaini hukasiriki tena, mambo ya familia ndivyo yalivyo. Gari iko huku Lusangi, imesimama kwenye kilima tangu Jumanne na magunia ishirini. Dereva wa kwanza aliiacha baada ya safari mbili, wa pili baada ya moja. Wanasema ya tatu inaruka na mikono inawauma. Mimi mwenyewe nimejaribu, nikaingia mtaroni. Kina mama wa mpunga wa Kabambare wamekataa kupakia, wanasema wanakungoja wewe. Baba mkubwa Zéphirin ananiandikia kila juma.

Njoo na kifaa chako ukifunge, tutaelewana juu ya mshahara wako wa udereva. Wewe ni dada mkubwa, usiwe na moyo mgumu.

Hervé

—

Kabambare, 14 Agosti 2024

Hervé,

Mshahara ukae nao.

Nitakuja Jumamosi na Souleymane, na levye itakuwa mgongoni mwangu. Kabla sijashuka kwenye pikipiki utanionyesha karatasi ya gari yenye jina langu, na saini ya baba mkubwa, na yako. Nimekwisha kuzungumza naye. Hakufurahi, lakini magunia ishirini ya watu juani yamemfundisha haraka kuliko mimi. Pasipo karatasi hiyo nitageuza na kurudi kulima.

Karatasi ikiwapo, levye itafungwa siku hiyo hiyo. Lakini siifungi mimi. Utafagia sakafu, utapiga magoti, utakandamiza kifuniko kwa goti lako, utaziba tundu na utakaza zile bolti nne kidogo kidogo kwa msalaba, mpaka vidole vichubuke. Mimi nitakaa juu ya gunia nikuelekeze, na tutafungua na kufunga upya kadiri utakavyokosea. Nataka mikono yako ijue ni kazi gani uliyosimama mbele ya watu mia mbili ukaiomba iwe yako.

Victorine